MPIGA KURA AU MTEJA? Toka kura ya shilingi 3,000 mpaka kura ya khanga

Leo mada ni ndefu kidogo, kwa hiyo wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe soma hii kwanza, barua pepe utafungua baadaye. Nataka tuongelee haki ya kupiga kura, kitu tunachokipigia kelele kila baada ya miaka mitano halafu tunakisahau. Na nataka tuitazame pamoja na kitu ambacho wengi hawakiunganishi nayo: DUKA. Yaani bidhaa, vocha, simu, fulana, khanga.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili nisionekane namung'unya maneno. Babu na bibi zetu walinyimwa kura kwa sababu hawakuwa na mali. Sisi tumeikuta kura bure, lakini tumezoeshwa kuongeleshwa kama wateja, na mteja siku zote hupimwa kwa mfuko wake. Lile sharti la mali lililofukuzwa mlangoni naona linarudi kupitia dirishani. Nisikilizeni kwanza, mawe mtanirushia mwisho.

KURA ILIPOKUWA NA KIINGILIO

Tuanzie Tanganyika. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ili uandikishwe ilibidi uwe na miaka 21, halafu uwe na kimojawapo kati ya hivi: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali, kama uchifu. Pauni 150 kwa hela ya wakati ule ni shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Mkata mkonge wa Tanga, kuli wa bandarini Dar, mkulima wa pamba wa Usukumani, wengi wao hela hiyo walikuwa wanaisikia tu.

Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Walioandikishwa hawakufika hata laki moja.

Na hao wachache nao walipangiwa namna ya kuchagua. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Ilikuwa LAZIMA upige kura zote tatu, ukiacha moja umeharibu zote. Ndiyo ile iliyoitwa kura tatu. TANU nusura ipasuke kwa jambo hilo. Januari 1958, kwenye mkutano wa Tabora, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi hivyo hivyo na masharti yake. Zuberi Mtemvu akasema yeye haiwezi hiyo, akatoka akaanzisha chama chake, African National Congress.

Kenya kulikuwa na kioja kikubwa zaidi. Mwaka 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao wa kwanza, viti vinane, ndipo wakaingia kina Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi. Sasa sikia utaratibu: elimu, kipato, mali, utumishi wa muda mrefu, kila sifa inakuongezea, mpaka mtu mmoja anaweza kuwa na kura TATU peke yake. Jirani yako mwenye shamba na cheti anapiga tatu, wewe unapiga moja au hupigi kabisa. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa na sharti la juu yake, cheti cha kuthibitisha kwamba ni watiifu kwa serikali.

Zanzibar nao walianza Julai 1957, wanaume tu. Kina mama walisubiri mpaka uchaguzi wa Januari 1961.

Mtu asidhani Mwingereza alibuni haya kwa ajili ya kutukomoa sisi peke yetu. Kwao pia ilikuwa hivyo. Sheria yao ya mwaka 1832 ilimtaka mpiga kura wa mjini awe na jengo lenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Wanaume wote wa kuanzia miaka 21 walipata kura mwaka 1918, na wanawake wakalingana nao mwaka 1928. Mawazo yao yalikuwa ni yale yale: asiye na mali hana akili ya kuamua mambo ya nchi, na anaweza kununuliwa kirahisi. Hilo la KUNUNULIWA liwekeni akilini, tutalirudia.

Kwetu sharti hilo lilikufa haraka. Kwa uchaguzi wa 1960 kiwango cha kipato kilishushwa na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha, walioandikishwa wakaruka mpaka karibu laki tisa. Mwaka 1962, kwenye uchaguzi wa Rais, Nyerere peke yake alipata kura zaidi ya milioni moja, na aliyeshindana naye alikuwa huyo huyo Mtemvu, aliyeambulia elfu 21 na ushei. Miaka minne tu toka ile kura ya shilingi 3,000. Mkata mkonge akawa sawa na chifu mbele ya sanduku. Mimi hapa huwa nasimama kidogo, maana jambo hili tunalifundishwa kidato cha pili kama tarehe za kukariri, kumbe ni mapinduzi.

CHAMA KIMOJA, DUKA MOJA

Baada ya hapo tukapata kura ya wote yenye chaguo finyu. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja (Zanzibar ASP, bara TANU). Kwenye ubunge wa bara walisimama wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Na msidharau, wananchi waliwang'oa hata mawaziri kwa njia hiyo. Lakini kwenye urais ilikuwa picha moja: NDIYO au HAPANA.

Dukani nako mambo yalikuwa yanaelekea huko huko. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilichukua biashara kubwa ya kuagiza na kuuza jumla, baadaye kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, zile RTC. Mwishoni mwa miaka ya 70 mambo yakaharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, mafuta yakapanda bei duniani, viwanda vikakosa malighafi. Sabuni, sukari, dawa ya meno, khanga, vyote kwa foleni. Wazee wanasimulia walivyopanga mawe usiku kushika nafasi. Mwaka 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa mitoni na porini kwa kuogopa kukutwa nazo.

Halafu upepo ukageuka. Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, wananchi wakambatiza Mzee Rukhsa. Mitumba ikamwagika, maduka yakajaa. Mwaka 1994 bara tukapata vituo vya televisheni kwa mara ya kwanza, na matangazo ya biashara yakaingia sebuleni.

Vyama vingi je? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991. Kati ya waliotoa maoni, kama asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995.

Angalieni mpangilio wa matukio. Ruhusa ya kuchagua bidhaa ilikuja 1984, ruhusa ya kuchagua chama ikaja 1992, na kura yenyewe 1995. Kwa hiyo aliyepiga kura 1995 alikuwa ameshapata miaka kumi ya kujifunza kuchagua, na shule yake ilikuwa SOKONI. Alijua kupiga bei, kulinganisha rangi, kudai nyongeza. Wanasiasa nao walikuwa wanajifunza sokoni hapo hapo. Mimi naona ndiyo sababu kampeni zetu zilizaliwa zikiwa na sura ya promosheni.

MTEJA NI MFALME... MPAKA MFUKO UISHE

Hebu kumbukeni kampeni yoyote mliyoiona. Fulana, kofia, khanga, bendi au msanii wa bongo fleva, bango kubwa lililopachikwa jirani na bango la soda. Ukiyatazama kwa mbali huwezi kutofautisha lipi la mgombea na lipi la kinywaji. Yote yana mtu anayetabasamu na maneno matatu.

Mwaka 2000 jambo hili likapewa baraka ya sheria. Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, kitu alichotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kiafrika kikaitwa TAKRIMA na hakikuhesabika kuwa rushwa. Pilau ikawa halali. Mashirika matatu, LHRC, LEAT na NOLA, yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Sababu mojawapo ndiyo ninayoizungumza hapa: takrima inambagua mgombea asiye na hela, na inamfanya mwananchi asichague kwa uhuru. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ipo. Kama pilau imekoma, hilo semeni nyie wenye macho.

Sasa mimi siyo mtu wa kumcheka mama anayepokea khanga. Wasomi wengi wakifika hapa wanaanza kutukana: eti wananchi hawana elimu, wananunulika. Hiyo ndiyo lugha ya mkoloni wa 1958, neno kwa neno! Yule mama ana hesabu zake. Ahadi ya kisima ameisikia toka anaolewa, khanga anaishika mkononi leo. Kwake khanga ni kitu pekee cha uhakika ambacho uchaguzi utampa.

Ila tupige hesabu yote mpaka mwisho. Tuseme khanga ni shilingi 10,000. Miaka mitano ni siku 1,825. Gawanya. Ni shilingi tano na ushei kwa siku. Pipi hupati. Kwa bei hiyo mtu anapata mamlaka ya kuamua dawa za zahanati yako, ada, barabara, na kodi ya kila vocha unayokwangua. Hata mwenye duka mjinga kuliko wote hawezi kuuza kitu kwa hasara ya namna hiyo.

Na sisi vijana tusijifanye tuko juu ya khanga. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikisha 2004, tukapata vile vitambulisho ambavyo wengi wanaviita shahada. Kabla ya kitambulisho cha taifa kusambaa, kijana ulikuwa unaihitaji shahada kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kuomba mkopo. Niambieni ukweli, wangapi kijiweni kwenu walipanga foleni ya kujiandikisha kwa ajili ya LAINI? Mwaka 2010 waliokuwa kwenye daftari walizidi milioni 20. Waliopiga kura ni kama milioni 8.6, asilimia 43 hivi. Sisemi wote waliobaki nyumbani walifuata laini, wapo waliokata tamaa, wapo waliohama, wapo waliokufa na majina yakabaki. Lakini kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kura kwa wengi ilikuwa kadi ya kununulia tu.

TOFAUTI IKO WAPI?

Dukani wanabandika karatasi: MTEJA NI MFALME. Ni kweli, mpaka hela iishe. Mfalme asiye na nauli anaambiwa asogee pembeni, anaziba njia. Mwananchi asiye na nauli ana kura moja, na mwenye maghorofa Masaki ana kura moja. Ni mahali pachache sana katika nchi hii ambapo hesabu inatoka hivyo.

Halafu mteja asiporidhika anahama. Mtandao wa simu ukimuudhi anaweka laini nyingine. Sasa zahanati ya kata ikikosa dawa unahamia wapi? Mwenye hela atahamia hospitali binafsi, shule binafsi, kisima binafsi, mlinzi binafsi. Na akishahama habanwi tena na ubovu wa ile ya umma, kwa hiyo hapigi kelele. Tunaobaki ni sisi tusio na pa kuhamia, na tumeshafundishwa kwamba asiyeridhika anyamaze, aondoke.

Najua kuna mdau ataniuliza: kwani unataka turudi kwenye foleni ya sabuni? HAPANA jamani. Mimi navaa mitumba, natumia simu ya Mchina, na kompyuta ninayoandikia imekuja na kontena. Mzee Rukhsa alituondoa mahali pabaya. Kununua siyo dhambi. Tena kuna watu walitumia nguvu ya mnunuzi kupata haki zao, na wametuachia somo zuri.

Twende Marekani kidogo, maana huko mambo haya mawili yaligongana waziwazi. Montgomery, Alabama, Desemba 1955, watu weusi waligoma kupanda mabasi ya mji yaliyowabagua. Waligoma siku 381, wakitembea kwa miguu, mpaka ubaguzi ule ukaondolewa. Februari 1960 huko Greensboro wanafunzi wanne weusi walinunua vitu katika duka la Woolworth, wakapokelewa hela bila tatizo, halafu wakaketi kwenye meza ya chakula ya duka hilo hilo wakanyimwa huduma. Mnaona? Hela ya mtu mweusi ilikuwa na haki zote, mtu mwenyewe hana. Na katika majimbo kadhaa ya kusini mtu alikuwa bado analipa kodi ili apige kura. Virginia ilikuwa dola moja na nusu kwa mwaka. Kodi hiyo iliondolewa kwenye chaguzi za kitaifa mwaka 1964 kwa marekebisho ya Katiba, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya kule ikaifuta hata kwenye chaguzi za majimbo. Wale watu waligoma kama wanunuzi, lakini walichodai hakikuwa punguzo la nauli.

Karibu na kwetu, Kenya, Juni 2024. Muswada wa Fedha ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na kodi nyingine chungu nzima. Vijana wakaingia barabarani. Tarehe 18 wakubwa wakatangaza kwamba kodi ya mkate imeondolewa. Kama wale vijana wangekuwa wateja tu, wangerudi nyumbani kula mkate wao. Hawakurudi. Wakauliza wabunge wanamwakilisha nani. Tarehe 25 wabunge wakapitisha muswada, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Gharama ilikuwa kubwa mno na siishangilii damu. Nasema tu kwamba walianzia kwenye bei ya mkate wakafika kwenye swali la uwakilishi, safari ambayo mteja hana sababu ya kuifunga.

NA SISI JE?

Oktoba 29, 2025 tulikwenda kwenye uchaguzi ambao CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Watu wakaandamana, watu wakafa, na idadi yao inabishaniwa. Intaneti ikazimwa nchi nzima. Tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa karibu asilimia 98.

Kila mtu atalijadili hilo kivyake, mimi nataka mkitazame kile kipande cha INTANETI. Siku zile, muuza nguo wa mtandaoni, dereva wa bodaboda ya kuitwa kwa simu, mwenye kafe na wewe mteja wake mwenye bando lililolipiwa, wote mlikuwa gizani sawasawa. Ulilipa, risiti unayo, huduma hakuna. Ungemlalamikia nani, kampuni ya simu? Ungehamia mtandao gani, na yote imezimwa? Hapo ndipo inapoonekana kwamba uhuru wote wa dukani umejengwa juu ya uamuzi wa watu fulani, na njia ya raia asiye na hela ya kuwafikia watu hao ni kura, au ile sauti inayokuja na kura. Kura ikikosa maana, bando nalo ni hisani.

Kwa hiyo mimi niliyeishia kidato cha nne ombi langu ni dogo. Mgombea akija mtaani kwako, pokea khanga kama huna jinsi, lakini usikubali mazungumzo yaishie hapo. Muulize bajeti ya kata imekwenda wapi. Muulize mwaka wa pili, wakati hakuna kampeni wala muziki, kwa sababu mteja akishalipa biashara imekwisha, ila wewe biashara yako naye inadumu miaka mitano. Na yule jamaa yako anayesema "mimi siasa hazinihusu, natafuta hela tu", mwambie kuna wakati katika nchi hii mwenye hela tu ndiye zilimhusu, na kiingilio kilikuwa shilingi 3,000.

Maoni hapo chini. Matusi nitayafuta, hoja nitaziacha hata kama zinanichana. Hasa nataka kusikia kutoka kwa wale waliojiandikisha kwa ajili ya laini: siku ya kura mlikwenda, au mlikaa?

Naomba kuwasilisha.